WRX yako iliyotumika inatetemeka na hujui mtetemo unatoka wapi? Pita hapa kabla hujanunua spea

Haziishi wiki mbili sijapigiwa simu ile ile. "Kaka, nimevuta Impreza WRX, gari kali, ila ina katetemo fulani hivi, fundi kasema mauntingi, nimebadilisha na bado kapo." Siku mbili baadaye mwingine, huyo kabadilisha plagi. Wa tatu kabadilisha koili zote nne, tena ori, na gari inatetemeka vile vile kama siku aliyoitoa bandarini. Nimechoka kurudia maelezo kwenye simu kwa hiyo nayaandika hapa yote, nawe ukimaliza kusoma hutakuwa fundi lakini hakuna atakayekuuzia mauntingi (zile raba zinazoshikilia injini) usizozihitaji.

Nazungumzia hizi Subaru Impreza za turbo zenye injini ya EJ20, hasa zenye bodi ya GC8 za miaka ya 90 na GD za 2000 mpaka 2007, maana ndizo zilizojaa mtaani. Forester ya turbo na Legacy njia ni ile ile. Hata Altezza utatumia karibu yote, ila hesabu za silinda zinabadilika.

Shika kitu kimoja tu kabla ya yote: mtetemo lazima ufuate kitu. Ama unafuata RPM (mizunguko ya injini kwa dakika), ama unafuata spidi ya gari, ama unafuata mzigo, yaani ukikanyaga upo na ukiachia hakuna. Ukishajua unafuata nini umeshaondoa zaidi ya nusu ya washukiwa na hujashika hata spana.

Kwanza, mngurumo sio ugonjwa

Hii naiweka juu kabisa kwa sababu kuna watu wametumia hela kutibu gari nzima. EJ20 ni boksa, silinda nne zimelala mbili kulia mbili kushoto, na hedda zake nyingi (mabomba ya kwanza ya ekzosi yanayotoka kwenye injini) hazilingani urefu, ndio maana inatoa ule mlio wa "bub bub bub" ambao vijana wanaulipia. Ukikaa sailensa, yaani injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta, unausikia kifuani. Huo ni mlio. Mtetemo ni pale kioo cha ndani kinapocheza mpaka huoni gari la nyuma vizuri, au maji kwenye chupa yanapiga mawimbi, au kiti kinakukuna mgongo. Na usilinganishe na STI (WRX kali zaidi) ya rafiki yako, STI za Japani zenye turbo ya twin-scroll zina hedda zinazolingana na mlio wake uko tofauti kabisa.

Vitu vya kuwa navyo

- Mashine ya kusoma kodi, yaani namba za hitilafu zilizohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari. Angalizo, vile vimashine vidogo vya bei poa vya kuchomeka na kusoma kwenye simu vinaweza kugoma kwenye WRX za zamani za soko la Japani, kwa hiyo ikigoma usidhani gari ni mbovu, tafuta fundi umeme mwenye mashine inayosoma Subaru.
- Soketi ya plagi ya 16 mm, ekstensheni fupi fupi mbili tatu na racheti. Ekstensheni moja ndefu haitaingia, chasisi iko karibu mno na plagi.
- Jeki NA stendi mbili. Tofali sio stendi. Tofali linapasuka bila taarifa.
- Tochi, chaki, daftari na simu ya kurekodi video.
- Geji ya kompresheni, hii azima, usinunue.
- Mtu wa pili wa kukanyaga mafuta wakati wewe unaangalia.

Chomoa dipstiki uangalie oili kabla ya kupiga resi yoyote. Turbo hizi zinakula oili na ikishuka sana beringi za konrodi ndizo zinazolipa.

Hali ambazo hutakiwi kuendelea

Ukisikia "kong kong kong" nzito toka chini ya injini inayoongezeka kasi ukipanda RPM, zima. Hapo injini inanoki, ita bredauni. Taa ya oili ikiwaka, zima. Taa ya cheki enjini ikiwa inawaka na kuzima haraka haraka wakati unaendesha, achia mafuta, paki, maana silinda inakosa moto na petroli mbichi inaenda kuchomea masega (kichujio cha moshi ndani ya ekzosi).

Hatua zenyewe

1. Chunguza aliyekuwa nayo kabla yako alifanya nini.

Gari ya spoti haifiki kwako ikiwa kama ilivyotoka kiwandani, mtu ameshachezea, iwe Japani au hapa hapa. Fungua boneti, ingia uvunguni, andika kila kisicho cha kiwandani. Mauntingi ngumu za mashindano zinatetemesha bodi hata kama injini ni nzima kabisa, na hapo dawa ni kurudisha za kawaida au kukubali. Flaiwili nyepesi inafanya sailensa iwe ya kukwaruza. Dampo valvu inayotoa hewa nje, ile ya "pshhh", inafanya injini ijikwae ukiachia mafuta, kwa sababu ile hewa ilishahesabiwa na ea flo sensa (sensa inayopima hewa inayoingia) halafu ikamwagwa, petroli inabaki nyingi kuliko hewa. Ekzosi nene ya kuchomelea mtaani inaweza kugusa bodi. Rimu za dukani, tutafika huko.

Nusu ya "mitetemo ya ajabu" ninayoletewa imeishia kwenye hatua hii, na ndiyo ambayo kila mtu anairuka.

2. Iwashe ikiwa baridi kabisa, usiguse ekseleta.

Mwanzo RPM itakuwa juu, halafu ikipata joto inashuka taratibu mpaka kama 700 hadi 800. Andika: inatetemeka ikiwa baridi tu, ikiwa ya moto tu, au muda wote? Washa AC. Kata usukani mpaka mwisho. Kama ni otomatiki kanyaga breki uweke D, halafu N, halafu D tena.

Ikitetemeka kwenye D ikatulia kwenye N, mshukiwa wa kwanza ni mauntingi au sailensa iliyo chini mno. Ikiwa mtetemo una mapigo, kama mtu anakusukuma kiti mara kama sita kwa sekunde, hiyo silinda moja haichomi. Hesabu ni rahisi, kwenye RPM 750 kila silinda inatakiwa ichome mara 375 kwa dakika, na ile iliyokufa inaacha pengo kila zamu yake.

3. Piga resi gari ikiwa imesimama.

Injini ya moto, nyutro, hendibreki. Mtu wa pili apandishe taratibu mno, 1,500, ashikilie, 2,000, 2,500, 3,000, 3,500. Wewe andika inaanzia wapi na inaishia wapi. Halafu rudia ile RPM mbaya klachi ikiwa imekanyagwa.

Ikitokea hapa, gari haitembei, basi sahau tairi, sahau propela shafti (mti mrefu unaopeleka nguvu nyuma), sahau balansi. Ni injini, kinachoishika, ekzosi au klachi. Na kama hapa imetulia kabisa basi usiguse plagi kwanza, nenda hatua ya nne ukiwa na amani.

4. Toka barabarani.

Asubuhi na mapema, barabara iliyonyooka, sehemu inayoruhusu 80 au 100 la sivyo utaacha faini kwa trafiki. Fika spidi ambayo inatetemeka halafu weka nyutro, RPM ishuke yenyewe, gari iendelee kuserereka. Usizime injini gari ikitembea, usukani unakuwa mzito na breki zinabaki bila msaada.

Mtetemo ukibaki pale pale wakati RPM imeshuka, injini haina kosa, unafuata spidi. Ukipotea, rudia spidi ile ile kwa gia tofauti, mfano 80 kwa gia ya tatu halafu ya nne halafu ya tano. Unaokuja kwenye RPM ile ile bila kujali gia ni wa injini. Unaokuja kwenye spidi ile ile bila kujali gia ni wa magurudumu na shafti. Na unaokuja ukikanyaga tu, ukiachia unakata kama umezimwa na swichi, angalia jointi za ndani za draivu shafti kwanza.

Kipimo kingine cha mwili: gurudumu la inchi 17 kwenye kilomita 100 kwa saa linazunguka kama mara 14 kwa sekunde, unalisikia kama mtikisiko wa kuhesabika kwenye usukani au kiti. Injini kwenye RPM 3,000 inazunguka mara 50 kwa sekunde, huo hauhesabiki, ni msisimko kama wa simu ikiwa vaibresheni. Propela shafti inazunguka haraka kuliko gurudumu kwa kama mara nne hivi, nayo inakuwa msisimko, ndio maana watu wanaichanganya na injini.

Hapa njia zinagawanyika. Inayofuata RPM, endelea na 5. Inayofuata spidi, au inayokuja ukikanyaga tu, ruka mpaka 9.

5. Tafuta silinda inayokosa moto.

Soma kodi. P0300 ni kukosa moto kiholela, P0301 mpaka P0304 inakutajia silinda. Namba za Subaru zinawachanganya wengi: ukiwa umekaa kwenye kiti cha dereva, 1 na 3 ziko kulia, 2 na 4 kushoto, na 1 na 2 ndizo za mbele upande wa rejeta. Nimeshaona mtu kabadilisha koili ya silinda 2 wakati kodi ni ya 3, kisa alihesabu kama Corolla.

Kama yako ina koili moja moja juu ya kila plagi, hamisha koili ya silinda yenye shida uipeleke kwenye nzima, futa kodi, endesha. Kodi ikihama nayo, koili ndiyo mwizi. Isipohama, fanya hivyo hivyo kwa plagi. GC8 nyingine zinatumia koili ya pamoja na waya, kwa hiyo mfumo wako uujue kwanza.

Plagi zinatolewa injini ikiwa baridi, kichwa cha injini ni cha aluminiamu na nyuzi za matundu ya plagi zinachubuka. Upande mmoja unatoa betri na tenki la maji ya waipa, upande mwingine boksi ya ea klina. Gepu 0.7 mpaka 0.8 mm. Anza kukaza kwa mkono mpaka ikae ndipo uweke racheti, na usiikaze kama nati ya tairi, Nm 20 hivi inatosha. Feki zimejaa, na plagi feki kwenye turbo inakufa mapema ukianza kupakia busti (presha ya turbo).

Kosa kubwa: kuchomoa koili injini ikiwa inaunguruma ili usikie tofauti. Utapigwa shoti na utajaza petroli kwenye masega. Zima, chomoa, washa, sikiliza sekunde chache, zima.

6. Hewa ya wizi, yaani inayoingia au kutoka kwenye tundu bila injini kuihesabu.

Mipira ya EJ20 imezeeka, inapikwa na turbo miaka 20 sasa. Angalia hosi zote za vakyumu, klampu za intakula (kipoza hewa ya turbo), na ule mpira mkubwa wa kuingiza hewa kwenye turbo uliojificha chini ya manifoldi, unachanika upande wa chini usikoona. Njia nzuri ni kupulizia moshi kwenye mfumo, magereji kadhaa sasa yana hiyo mashine. Usipulizie kabu klina au petroli kutafuta tundu kwenye injini ya turbo iliyopata moto, ekzosi iko hapo hapo chini na itawaka. Ukiwa huna mashine ya moshi, puliza maji kidogo kidogo kwenye viungo, sailensa ikibadilika umepata.

Ukiwa hapo safisha throto bodi na ea flo sensa, kila moja na dawa yake.

7. Mauntingi, kifimbo cha juu na ekzosi.

Mauntingi za injini ni mbili, kulia na kushoto chini, nyingine zina majimaji ndani na zikivuja utaona doa jeusi limetiririka. Ila aliyesahaulika ni kile kifimbo kifupi kilicho chini ya intakula kinachounganisha gia boksi na ukuta wa injini, mafundi wengine wanakiita pichi stopu. Bushi zake zikichanika injini inapiga kichwa mbele na nyuma kila ukishika na kuachia klachi. Ni spea ndogo, iangalie kabla ya zile kubwa.

Kama mauntingi ni mpya na mtetemo ulianza baada ya kufungwa, legeza nati zote za mauntingi, acha injini ijikalie yenyewe, itingishe kidogo, ndipo ukaze. Zikikazwa zikiwa zimejipinda zinapitisha mtetemo kama chuma.

Ekzosi: gari ikiwa baridi na iko juu ya stendi, ishike utikise. Tafuta mahali penye kung'aa, hapo ndipo inapogusa. Zile bati za kuzuia joto zikilegea zinaimba kwenye RPM moja tu, na utaapa ni injini.

8. Klachi na flaiwili.

Hapa nina kidonda changu. WRX yangu ya manyuo ilikuwa inatetemeka kati ya 2,800 na 3,300, imesimama au inatembea, ikiwa na mzigo au bila. Hakuna kodi. Inachoma silinda zote. Nikabadilisha plagi, mauntingi mbili, pichi stopu, na kwa ujinga nikalipia hata wili balansi, miezi minne inakatika. Siku klachi imeanza kuteleza tukashusha gia boksi, na kwenye kava la klachi boliti ni sita, yangu ilikuwa na tano. Moja haipo. Gereji moja huko nyuma, kabla yangu, walifunga tano wakaenda kula. Tukaweka boliti, tukakaza zote kwa mpangilio wa msalaba, mtetemo ukaisha siku hiyo hiyo. Boliti!

Kwa hiyo ikiwa inafuata RPM, haina kodi, mauntingi ni nzima, ekzosi haigusi, uliza klachi ilifungwa lini na nani. Usishushe gia boksi kwa ajili ya hilo peke yake kama hujamaliza hatua za juu, ni kazi ya siku nzima.

Klachi ikiwa safi na bado, au kama hatua ya 5 ilikuonyesha silinda lakini plagi na koili ni nzima, pima kompresheni: plagi zote nje, umeme wa koili na pampu ya mafuta umekatwa, ekseleta imekanyagwa mpaka chini. Unachotafuta ni tofauti, namba zote zikaribiane. Moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 15 hivi, kuna valvu, ringi au pistoni. Kwenye zile za 2.5 turbo, silinda namba 4 inajulikana kwa kupasuka pistoni kwenye kingo za ringi. Zikiwa zote ziko chini kwa pamoja, au upande mmoja mzima, angalia taimingi belti kama imeruka jino. Usiichezee hiyo, kwenye injini hii belti ikikatika valvu zinagongana na pistoni.

9. Inayofuata spidi.

Osha rimu upande wa ndani kwanza. Sitanii, matope yaliyokauka humo yameshapeleka watu kununua tairi. Kisha angalia rimu kama zimepinda kwa ndani, matuta yetu na mashimo hayasamehi. Kitovu cha habu ya Subaru ni 56.1 mm, rimu nyingi za dukani tundu lake ni 73.1, zinahitaji ringi ya plastiki katikati, bila hiyo zinaning'inia kwenye nati na hakuna balansi itakayosaidia. Tairi zote nne ziwe saizi moja na zimelika sawa, hii ni 4WD, ukichanganya unaumiza difu ya kati. Gari iliyokaa yadi miezi mingi tairi zinakuwa na bapa, endesha kilomita 30 hivi halafu ndipo uhukumu.

Baada ya hapo beringi za habu, jointi za draivu shafti, na beringi ya kati ya propela shafti. Kabla fundi hajashusha shafti piga alama ya chaki pande zote mbili ili irudi ilivyokuwa.

Umepita kote na bado?

Inatetemeka ikiwa baridi tu, ikipata moto inatulia: sensa ya joto la kulanti, hewa ya wizi, au mauntingi zilizokuwa ngumu kwa uzee.

Sawa asubuhi, mbaya kwenye foleni: koili zinazokufa zikipata joto. Ipime ikiwa ya moto, ukipima baridi itakuficha.

Ilianza baada ya kujaza mafuta: yamechakachuliwa, au umejaza oktani ndogo. Kompyuta ya Japani inategemea petroli ya oktani kubwa, jaza kubwa kuliko zote unazopata, hata kabla hujafungua kitu.

Inatetemeka ukishika breki tu: rota za diski.

Ilianza baada ya servisi: rudi kwenye kila kilichoguswa siku hiyo. Soketi ya ea flo haijakaa, hosi imesahaulika, plagi imepasuka kauri wakati wa kukaza.

Inakuja na kupotea bila utaratibu: rekodi video ya dashibodi kila ikitokea, RPM na spidi vionekane. Video tatu kwenye simu zitamsaidia fundi kuliko maelezo ya nusu saa, na akikuambia "ni mauntingi hiyo" kabla hajaziangalia, chukua funguo zako.